Kondoo wa Katoni

Nimechoka na kondoo. Sisemi kondoo wa kufuga, hao sina. Nasema kondoo wa katoni, wale ninaowakata kwa wembe na kuwabandika pamba ya mto wa zamani, nikawachora macho kwa makaa, ili watoto wa kanisa letu huku karibu na Laare waimbe wakijua wanachoimba. Jumatatu hadi Ijumaa niko chekechea na watoto. Jumapili niko shule ya Jumapili na watoto wale wale, tofauti ni kwamba wameogeshwa. Mtu akiniuliza nitaacha lini, namwambia Disemba. Nimesema hivyo miaka mingi, na Disemba zinakuja na kupita.

Wageni wakija husifu. Husema, mwalimu, una kipaji, hebu tazama alivyopanga. Mimi hutabasamu tu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na mimi naongeza kwamba aliyeviunda anaumwa mgongo. Gundi yangu ni ya unga niliopika mwenyewe, na panya hawajui kutofautisha gundi ya unga na chakula. Kuna wakati walikula miguu ya kondoo karibu wote, tukaimba Jumapili ile kondoo wakiwa wamelala.

Ninavyofanya ni hivi. Natundika blanketi la kijivu ukutani, mbele ya watoto. Nyuma ya kila picha nabandika kipande cha msasa, ule wa seremala wa kulainishia mbao. Msasa ukigusa blanketi unashika bila pini wala gundi, na ukitaka kuiondoa picha unaibandua tu na kuipeleka kwingine. Kwa hiyo wimbo unatembea. Ukisema kondoo ametoka, anatoka. Ukisema amerudi, anarudi. Watoto wa huku wanazungumza Kimeru nyumbani, Kiswahili wanakijia shuleni, na nyimbo za kanisani zimejaa maneno ambayo hata baba zao hawayatumii. Usipowaonyesha kitu, wataimba vizuri kabisa na hawajui kama wanaimba habari za Mungu au za mafuta ya taa.

Na hata ukiwaonyesha si kwamba umemaliza kazi. Mara ya kwanza nilimchora mwenye kondoo akiwa na ndevu na vazi refu jeupe, kama nilivyomwona kwenye picha nikiwa mdogo. Nikambandika kwenye blanketi, nikauliza, huyu ni nani? Wakajibu kwa sauti moja, bila wasiwasi wowote, kwamba ni mzee wa hoteli ya Maua, yule wa mahamri. Maua ndiko hospitali iliko, na kila mtoto wa huku akipelekwa kudungwa sindano hununuliwa hamri moja pale kwa mzee Mwislamu ili anyamaze. Nikawaeleza tena. Wakanisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akauliza mbona basi mzee wa mahamri ameacha hoteli akaenda kuchunga. Nilifikiria kumchora upya, nimvalishe koti na gambuti kama wachungaji wa mbuzi wa huku. Lakini ilikuwa Jumamosi jioni na mgongo ulikuwa unaniuma, nikamwacha na kanzu yake.

Wimbo wenyewe niliutunga mimi. Mimi si mtu wa Meru kwa kuzaliwa. Nimetoka Embu, kule chini kwenye joto, kwa Wambeere, ambako baba yangu alifuga mbuzi. Jioni mbuzi wakirudi, baba alisimama langoni akiwatazama tu wakiingia. Hakuhesabu. Kuhesabu mifugo, na zaidi sana kuhesabu watoto, kwetu ni kuita hasara, na huku Meru nimekuta wazee wanaamini vivyo hivyo. Baba aliwatazama, kisha akasema, yule mwenye doa shingoni hayuko. Na kweli alikuwa hayuko, na baba alirudi porini kumtafuta kabla hajaonja uji.

Nilisahau hayo nilipoanza kufundisha. Nikakata kondoo wote sawasawa, nikawaambia watoto wahesabu kwa vidole mpaka tujue ni nani amepotea. Shosho mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akasimama mlangoni, akasikia, akaingia na bakora yake. Hakunipigia kelele. Alisema kwa Kimeru, taratibu, "Mwalimu, watoto hawahesabiwi. Wanatazamwa."

Niliona aibu kwa sababu nilijua. Wiki ile nikaanza upya. Kila mtoto akapata kondoo wake na kila kondoo akapata alama yake, ili mtu atazame tu ajue ni yupi hayuko. Mmoja ana kifungo chekundu. Mwingine ana kipande cha sweta ya shule. Yule mjukuu wa shosho, msichana aliyekuwa bado hajang'oka jino hata moja, alienda na wake nyumbani kutafuta alama, na Jumapili akarudi naye sikio likiwa limekatwa. Sikio la kushoto, pengo la pembetatu kwenye ncha na tundu dogo chini yake. Shosho alikuwa amelikata mwenyewe kwa wembe. Ndiyo alama ya mbuzi wa boma lao tangu siku za mababu, na mtu yeyote wa kijiji kile akimwona mbuzi mwenye sikio hilo njiani anajua pa kumrudisha.

Wimbo huenda hivi. Kabla watoto hawajaingia, nambandua kondoo mmoja na kumficha mahali fulani kanisani. Wakiingia wanaimba, zizi limejaa lakini mmoja hayuko, mwenye zizi ametoka, anamtafuta mmoja. Wanatazama blanketi. Mwenye kondoo wake akiona pengo lake, anakaa chini mbele, na wenzake wanamtafuta huku wakiimba, chini ya viti, nyuma ya ngoma, kwenye madirisha. Akipatikana, anarudishwa kwenye blanketi, na wote wanaimba, ameingia, ameingia, fungeni mlango. Hapo yule aliyekuwa amepotea anakimbia kuufunga mlango wa kanisa kwa mikono yake. Wanaupenda sana mlango ule. Nadhani wengine huimba wimbo mzima kwa ajili ya mlango tu.

Yule msichana alikuwa akiishi na shosho peke yake. Mama yake alienda kufanya kazi Uarabuni. Simu ilikuwa ikija, kisha ikaanza kuja mara moja moja, kisha ikawa shosho hubeba simu mfukoni hata akienda shambani, asije akaikosa. Mtoto hakuwa akimtaja mama yake. Lakini nilimwona kila Jumapili, kabla hajaketi, anaenda kwanza kwenye blanketi kumtazama kondoo wake kama yupo. Wengine wanakimbilia viti vya mbele, yeye anakimbilia blanketi.

Sasa Jumapili ya mavuno ikafika. Siku hiyo watu huleta sadaka za shambani, nduma, viazi vikuu, kuku waliofungwa miguu, mahindi, na mikungu ya ndizi mikubwa kuliko mtu aliyeibeba. Vyote hurundikwa mbele, kisha baada ya ibada vinanadiwa. Watoto walikuwa waimbe mbele ya wazazi. Zamu ya kufichwa ilikuwa ya yule msichana. Nikatafuta mahali pazuri, na mbele yangu kulikuwa na mkungu wa ndizi mbichi uliofungwa kwa majani makavu. Nikamsukuma kondoo katikati ya vichana, nikaona amejificha sawasawa, nikatoka nje kuwapanga watoto na kuwafuta pua.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Nyambene. Mwenyekiti wa kamati aliogopa kwamba mvua itawafukuza wanunuzi, akaamua mnada uje kwanza na watoto waimbe mwisho. Hakuna aliyeniambia. Mwalimu wa watoto huwa haambiwi kitu, hilo nimelizoea. Niliporudi ndani na msafara wangu, pale mbele palikuwa peupe kama uwanja uliofagiwa, kumebaki jogoo mmoja na mzozo wake. Mkungu ulikuwa umeshapakiwa kwenye bodaboda na umeenda.

Tuliimba. Ningefanya nini? Watoto wakatafuta chini ya kila kiti, wakatafuta mpaka kwenye mkoba wa mke wa pasta. Wazazi wakacheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti akagonga saa yake akaniambia, "Mwalimu, muda." Tukaombewa, watu wakakimbilia nyumbani kabla ya mvua. Yule msichana hakuondoka. Alisimama mbele ya blanketi akitazama lile pengo.

"Mwalimu," akaniuliza, "mimi niko wapi?"

Nikamwambia, uko karibu, tutakupata. Nilisema kwa sauti ya mtu anayekunja blanketi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kwenda kuvua viatu. Nilijiambia kwamba ni katoni, na katoni hazijaisha dukani. Akatoka, mvua ikamkuta njiani.

Katikati ya wiki shosho akaja chekechea. Ilikuwa saa ya uji, nikamkaribisha kikombe akakataa, na mwanamke wa huku akikataa uji ujue amekuja na jambo. Akaniambia mtoto yuko hospitali Maua. Ilianza kwa kukohoa, kisha usiku pumzi ikawa inampita kwa shida, wakakimbizana naye. Daktari amesema ni mapafu. Ana mpira wa hewa puani na hali kitu.

Nikasema pole. Nikasema tutaomba.

"Ombeni," akasema. "Lakini mimi sikuja kwa maombi. Mtoto ananiuliza kama umempata. Akiamka anauliza hilo, akilala anauliza hilo. Nimemwambia ndiyo, akanitazama, akajua nasema uongo. Anasema yuko nje na mlango umefungwa."

Nikaanza kumweleza mambo ya mnada na mwenyekiti. Aliinua mkono.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kanisa. Sisemi umemroga. Nasema kitu kimoja tu. Wewe ulimtoa, wewe mrudishe."

Halafu akachukua bakora yake akaenda. Nami nilikasirika, nisifiche. Nilikasirika jioni nzima. Kwa nini mimi? Aliyegeuza ratiba ni mwenyekiti, aliyenyesha mvua ni Mungu, na katikati yao niliyebebeshwa ni mimi, ambaye hata chai ya mkutano hunifikia ikiwa imepoa. Nikatoa katoni ya sabuni, ile ile niliyomkatia wa kwanza. Nikamkata mwingine. Nikambandika pamba. Dakika chache tu, kondoo amesimama. Nikashika wembe kulitoboa sikio la kushoto.

Mkono ukakataa. Mimi ni binti wa mfuga mbuzi. Kwetu, mtu aliyekata alama ya boma la mwenzake kwenye sikio la mnyama asiye wa boma hilo hakuitwa jina lingine ila mwizi, na wazee walimtoza. Halafu shosho angeshika lile sikio akajua. Na kama shosho asingejua, mtoto angejua, maana kondoo wake alikuwa na jicho moja kubwa kuliko jingine kwa sababu siku ile makaa yalinivunjikia mkononi. Nikamtia yule wa bandia kwenye jiko. Pamba ilinuka vibaya.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda soko la Laare kumtafuta aliyenunua ule mkungu. Ni mwanamke wa kanisa letu, kazi yake ni kununua ndizi mashambani na kuzipeleka mjini. Nilimkuta amekaa juu ya gunia katikati ya wanaofunga miraa, anatafuna karanga. Nikamweleza. Alicheka mpaka karanga zikamwagika.

"Kumbe niliuza kondoo ndani ya ndizi bila kujua," akasema. "Na mnunuzi wa ndizi hakulalamika kwamba amepewa nyama."

"Mama, kuna mtoto mgonjwa."

Akaacha kucheka pale pale. Akaniambia kwamba ule mkungu hakuukatakata, aliupeleka Maua mzima mzima, akamwachia mzee mmoja mwenye hoteli ambaye hununua kwake kila wiki.

"Mzee gani?"

"Yule mwenye kanzu. Wa mahamri."

Nilisimama pale sokoni nikashindwa nilie au nicheke. Miaka yote ile nimewakatalia watoto kwamba mwenye kondoo si yeye. Nikapanda bodaboda nikaenda Maua.

Hoteli yake iko mahali ambapo huwezi kuikosa hata ukitaka, mafuta yakichemka yanakuita toka barabarani. Nilimkuta mwenyewe amekaa nyuma ya kabati la vioo, ndevu nyeupe, kofia kichwani. Na ndani ya kabati, juu ya sinia la mahamri, kondoo wangu ameegemezwa kwenye glasi. Pamba ilikuwa imeingia utomvu wa ndizi ikawa kahawia. Alinitazama kwa lile jicho kubwa.

Nikamwamkia mzee, nikamwambia kwa haraka kwamba huyo ni wangu, nimekuja kumchukua.

"Wako," akasema. Hakuinuka. "Mama, usinielewe vibaya. Huyu nilimkuta kwenye ndizi. Wajukuu wangu walimtaka wachezee, nikawakataza. Mpishi alitaka kumtupa, nikamkataza. Niambie alama yake kwanza."

"Si unamwona? Amekatwa sikio."

"Sikio gani? Geuka kule uniambie."

Nikageuka nikatazama barabara, mwanamke mzima, mwalimu, kama ninayefanyiwa mtihani wa mdomo. Nikasema, la kushoto, pengo la pembetatu kwenye ncha, na tundu dogo chini yake. Niliposema tundu nikasikia mlango wa kabati ukifunguliwa.

Alimtoa kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba wazazi wake walikuwa wafugaji wa ngamia upande wa Isiolo, na kwamba yeye alipoliona lile sikio tu alijua hiki si kitu cha kuokota. "Mnyama aliyekatwa sikio ana wenyewe," akasema. "Huwezi kumla, huwezi kumuuza. Unamweka, unangoja waje."

Nikamweleza ni wa nani na yuko wapi. Hospitali haiko mbali na pale. Akafunga mahamri kwenye karatasi, ya moto, akakataa malipo.

"Mwambie huyo mtoto," akasema, "hakulala nje hata siku moja."

Wodini, shosho alikuwa amekaa wima kitandani kwa mjukuu wake, simu mapajani. Mtoto alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Mpira ulikuwa puani, macho yamefunguka nusu. Sikuwa na hotuba. Nilimtoa kondoo kwenye mkoba nikamweka juu ya blanketi la hospitali, na msasa ukashika. Hilo sikulipanga. Blanketi ni blanketi. Akasimama pale kifuani mwa mtoto, akipanda na kushuka na pumzi.

Msichana akapeleka kidole kwenye sikio. Akalipapasa pengo, kisha tundu.

"Alikuwa wapi?"

"Kwa mzee wa mahamri. Amesema hukulala nje hata siku moja."

Alifikiria hilo. Hakuonekana kushangaa hata kidogo. "Mlango umefungwa?" akauliza.

"Umefungwa."

Akafumba macho akalala. Shosho alinitazama, akalitazama sikio, akachukua kipande cha hamri akatafuna polepole. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru. Nilikaa kwenye benchi nikavua viatu.

Sitaki mtu aseme kondoo wa katoni alimponya. Zilimponya sindano, na hewa, na manesi waliokuja kila saa. Lakini alikula jioni ile, hilo nililiona kwa macho yangu, na baada ya siku kadhaa akarudishwa nyumbani.

Jumapili iliyofuata niliwatangazia watoto kwamba wimbo umekwisha. Sifichi tena kondoo wa mtu. Wakasema, mwalimu, bila wa kupotea hatuwezi kuimba, na mlango tutaufungaje? Nikawaambia sijui, waimbe mlango ukiwa wazi. Hapo yule msichana, bado ana kikohozi, akasema, "Basi ficha wako."

Nikasema mimi sina. Na ilikuwa kweli. Katika kuwakatia wote, wa kwangu sikuwahi kukata, wala haikunijia akilini. Wakashangaa sana, wakanitazama kama mtu aliyekiri kwamba hana kitanda. Wakaomba katoni. Wakamkata wenyewe, kichwa kikubwa kuliko tumbo, wakamchora miwani, na mmoja aliye na uchungu wa adhabu zangu akamchora mdomo uliopinda. Wakambandika kwenye kona ya blanketi. Tangu siku ile anayefichwa ni mimi, na wananitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuiona hata kwenye mtihani.

Nikwambie na nyumbani kwangu kulivyo, ili usinione mtu wa kulia ovyo. Mume wangu nilimzika miaka mingi iliyopita. Watoto wangu wawili wako Nairobi, wana maisha yao, hupiga simu wakikumbuka. Shemeji zangu wako ng'ambo ya ua na hawana ubaya, lakini kwao mimi ni yule wa Embu, hata sasa, hata mvi hizi. Nikifika nimefika. Nisipofika, sijui nani angelijua kabla ya Jumatatu, watoto wa chekechea wakikuta mlango umefungwa.

Sasa Jumapili moja, mvua za Novemba zilikuja kwa hasira katikati ya wimbo. Bati likawa linapigwa kiasi kwamba hatusikiani, wazazi wakaja mbio kuwachukua watoto wao, wakaenda wamefunikwa magunia. Nikabaki na blanketi. Kondoo wangu alikuwa bado yuko alikofichwa, nyuma ya ubao wa kuandikia nambari za nyimbo. Nilijua mahali, nilikuwa nimemweka mwenyewe. Ningenyoosha mkono tu. Lakini nilichoka ghafla, uchovu wa kukaa chini, nikasema aliyepotea hajitafuti, na kondoo mwenyewe ni wa katoni. Nikakunja blanketi nikaenda nyumbani, nikawasha jiko, nikaweka maji ya chai. Nikaamua kwamba Disemba hii ndiyo yenyewe, sitanii.

Chai haijachemka nikasikia hodi. Ni shosho na mjukuu, wamelowa mpaka kwenye mifupa, matope magotini. Nilishtuka. Mtoto aliyetoka kuugua mapafu anatembezwaje kwenye mvua? Nikawavuta ndani nikaanza kufoka huku natafuta shuka kavu.

"Nigombeze mimi," shosho akasema. "Tumefika nyumbani, huyu amekataa kula. Ati mwalimu bado yuko nje. Nimemwambia mwalimu yuko kwake, anakula. Amekataa. Tumerudi kanisani tumekutafuta."

Msichana akafungua sweta yake. Kondoo alikuwa ndani, mkavu, miwani na mdomo wake uliopinda. Machozi yalinitoka tu, nikawa nayafuta kwa ile shuka niliyotaka kumfunika mtoto.

Shosho alimchukua yule kondoo akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza huku na huku kama anayenunua.

"Una wembe?" akaniuliza.

Nilimpa ule ninaokatia. Akashika sikio la kushoto, akakata ncha yake, pengo la pembetatu. Chini yake akatoboa tundu dogo kwa pembe ya wembe, akapuliza vumbi la katoni. Kisha akanikabidhi.

"Alikuwa anatembea bila alama," akasema. "Mtu angemwokota angejuaje ana wenyewe?"

Chai ikachemka ikafurika jikoni na hakuna aliyeinuka kuishusha. Msichana peke yake ndiye aliyeinuka. Alivuka chumba na miguu yake ya matope, akaenda akafunga mlango.